Matembezi ya Shangazi na Jeneza la Mzee Kombo

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwengine na chumvi zake. Ile habari ya kwamba watu wazima wenye akili zao waliacha shughuli asubuhi na mapema wakaenda Galu kumzika mtu aliyekuwa anakunywa chai ni ya kweli, na aliyeisababisha ni mimi, tena sikuisababisha kwa kusema uongo, niliisababisha kwa kunyamaza, jambo ambalo maisha yangu yote nimesifiwa kwalo. ("Mwanasha mtoto mzuri, hana maneno," ndivyo walivyokuwa wakisema hapa Mwabungo. Siku hizi sifa hiyo siisikii.)

Mimi ni mtu wa haya, mnanijua. Darasani nikijua jibu namnong'oneza jirani yangu aliseme yeye, na hivyo ndivyo nilivyofika kidato cha tatu, na jirani yangu amepata zawadi mbili za Jiografia. Mtu akinisimamisha njiani naongea huku nikitazama vidole vya miguu yangu, kwa hivyo vidole vyangu vinajua mambo yangu mengi kuliko watu.

Mwanzo wa yote ni marehemu Ami Bakari, kaka yake Shangazi Mwanatumu. Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi. Ami alikuwa na duka la vifaa vya umeme kule Ukunda, na kwa miaka yote niliyomjua sikupata kumwona amesimama isipokuwa kwenye sala. Alikuwa na kiti chenye magurudumu, mteja akitaka balbu Ami anasukuma chini kwa mguu mmoja, kiti kinaserereka mpaka kwenye rafu, anarudi vilevile; jioni bodaboda inamchukua mlangoni pa duka na kumshusha mlangoni pa nyumba, na sote tulimwona ni mtu aliyefanikiwa kwa sababu jua lilikuwa halimpati. Akaanza kuona damu akienda chooni, akanyamaza. Akakonda, akasema ni mawazo ya biashara. Alipokuja kumwambia mtu mzima mwenziwe, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshatembea mwilini kuliko alivyotembea yeye mwenyewe duniani, na Ramadhani iliyofuata hatukuwa naye.

Baada ya msiba tukaambiwa hospitali kwamba ndugu wa marehemu nao waangaliwe. Shangazi alizungusha maneno majuma mengi mpaka akaishiwa na sababu, tukavuka feri tukaenda Mombasa, wakamtia kamera (sitaeleza ilipitia wapi, na hapo ndipo penye mkasa wote), wakamkuta na kinyama kidogo kimeota ndani, wakakitoa, wakasema alhamdulillahi si saratani ila kingeachwa kingeweza kugeuka, na kwamba arudi tena kuangaliwa. Kisha daktari, kijana mwenye miwani na sauti ya upole, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Fundi cherehani," Shangazi akasema.

"Kwa siku unakaa kitako muda gani?"

"Mimi sikai, mwanangu. Mie napiga cherehani kwa miguu. Miguu yangu hailali."

Nikakohoa. (Cherehani ya Shangazi ilifungwa mota ya umeme tangu niko darasa la nne. Mguu unaofanya kazi ni mmoja, na katika huo mmoja ni vidole tu.)

"Binti una la kusema?" daktari akaniuliza.

"Ina mota," nikaviambia vidole vyangu.

Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kupindia suruali. Daktari hakucheka, nampa heko yake. Alisema, "Mama, sitakudanganya kwamba kukaa ndiko kulikomuua kaka yako, kwa sababu ugonjwa huu una mambo mengi na mengine hatuyajui. Lakini mtu asiyeushughulisha mwili anajiongezea hatari, ya kuupata na ya kufa nao. Urithi wa damu huwezi kuubadilisha. Hili liko mikononi mwako."

"Miguuni," Shangazi akamrekebisha, maana hakuwa amemaliza hasira.

"Miguuni, naam. Tembea nusu saa kila siku, mwendo wa kukaza, mpaka kuzungumza kukupe tabu kidogo." Akanigeukia mimi. "Na wewe utamsindikiza." Nikakubali, kwa sababu kukataa kunahitaji maneno.

Tukarudi Mwabungo, na Shangazi akakaa kwenye cherehani yake kana kwamba safari yote ile ilikuwa ya kwenda kununua nyuzi. Siku ya kwanza nikamkumbusha.

"Nitembee niende wapi?" akaniuliza.

"Popote."

"Popote si mahali."

Na msimcheke, alikuwa na haki. Wageni wa hoteli za Diani wanakimbia asubuhi na vichupa vya maji na hakuna anayewauliza kitu, kwa sababu hawana jirani hapa. Sisi kwetu mwanamke wa makamo akionekana baada ya sala ya alfajiri anakaza mwendo, basi ama kuna mtu anazaa ama kuna mtu amekufa, na kila kibaraza anachokipita kina mtu, na kila mtu atauliza, "Kwema? Mwaenda wapi? Mbona mapema?" na kutojibu ni kukosa adabu. Shangazi alinifafanulia akiwa na pini mdomoni: "Nikiwaambia nafanya mazoezi, wataniuliza kakwambia nani. Nikisema daktari, wataniuliza maradhi gani. Nikisema utumbo, wataniuliza walijuaje. Na nikifika hapo kwenye walijuaje, mimi nahama mji, na wewe nahama nawe." Akaniapisha nisimwambie mtu, nikaapa, na kwa kuapishwa kunyamaza hapa pwani nzima hakuna anayenishinda.

Zikapita siku nne za kuzunguka nyumba. Mzunguko wa kwanza kuku walitukimbia, wa pili wakatuzoea, wa tatu jogoo akaungana nasi, Shangazi akasema basi, hayo ni maskhara. Halafu siku ya tano nikamwona akiwa kwenye cherehani, mkasi uko mbali kidogo, naye badala ya kuinuka akasukuma chini kwa mguu ili kiti kisogee. Kiti chake ni cha mbao, hakina gurudumu hata moja, kililia krrr juu ya saruji, lakini niliyemwona pale alikuwa Ami Bakari. Hapo ndipo mimi, Mwanasha asiye na maneno, nilipofanya uamuzi mdogo uliouleta huu mkasa wote. Nikasema, "Shangazi, twende kesho. Watu nitawajibu mimi."

Akauweka mkasi chini. "Wewe?"

"Mimi."

Alfajiri tukatoka. Ili asitambulikane, Shangazi alivaa buibui jeusi, mtandio akaushusha mpaka kwenye nyusi, na kwa kuwa buibui lilikuwa refu kwa mwendo wa kukaza akajifunga leso kiunoni kulinyanyua, chini raba za mitumba za rangi ya machungwa, na mkononi kikapu chenye maji na taulo la jasho, maana alisema mwanamke haendi mikono mitupu. Sasa fikirini nanyi: weusi juu, uso umefunikwa, leso kiunoni, kikapu, mbio, na jua halijachomoza. Ukiondoa zile raba, hayo ni mavazi kamili ya kwenda msibani. Mimi nilikuwa nahesabu maneno yangu kichwani, sikuyaona.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Bi Riziki, anayekaanga mahamri kando ya njia. Ni mama mwema mwenye sauti kubwa, akikusalimu wewe anasalimika na wa mtaa wa pili.

"Mwanatumu! Kwema?"

Shangazi alikuwa ameondoka na pupa, pumzi imeshamwisha, daktari mwenyewe alitaka kuzungumza kumpe tabu na tabu ilikuwa imempata sawasawa. Akainua mkono tu, akajifuta jasho la uso kwa ncha ya mtandio, akapita. (Jasho, nasema. Kwa mbali lilikuwa na sura ya kitu chengine.)

"Mwanasha," Bi Riziki akanigeukia, sauti imeshaanza kushuka, "kwema? Mwaenda wapi mbio hivi?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa usiku kucha: twaenda Galu kumjulia hali Mzee Kombo, hajambo, ila ana siku nyingi hatujamwona. Mzee Kombo ni ami yake marehemu mumewe Shangazi, mzee wa miaka mingi na maradhi mengi, kisingizio kizuri kabisa. Lakini macho ya Bi Riziki yalikuwa juu yangu, mafuta yanachemka, na katika maneno yote yale yaliyotoka ni, "Kwa Mzee Kombo," tena kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinamisha kichwa. Mengine yalibaki kooni.

Bi Riziki akaweka mwiko chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Mzee wa watu."

Sasa hapo, wenzangu, nilikuwa na nafasi. Ilitosha kusema, "La, yu hai." Lakini nikapiga hesabu haraka: nikisema yu hai, ataniuliza basi mwakimbilia nini, na nikiulizwa mwakimbilia nini nitasema daktari, na kutoka kwa daktari mpaka kwenye kamera ni hatua mbili. Shangazi alikuwa ameshafika mbali. Nikanyamaza, nikamkimbilia.

"Kasemaje?" Shangazi akauliza kati ya pumzi na pumzi.

"Ametaja Mungu," nikasema, na huo si uongo.

Tulipoupita uwanja wa mpira nikageuka nikamwona Bi Riziki nyuma yetu, naye leso kiunoni, na wanawake wawili pamoja naye. Nikamwambia Shangazi. Akageuka mara moja tu. "Wanatufuata wajue twaenda wapi. Kaza!" Tukakaza. Na wao wakaona wafiwa wanakimbia, wakahuzunika zaidi, wakakaza. Kufika karibu na madrasa walikuwa wanawake kumi na zaidi, wanatoka kwenye nyua mmoja mmoja wanafunga leso wakiwa njiani, huyu na unga, huyu na nazi mbili, mmoja na sufuria kubwa kichwani, ile ya shughuli.

"Shangazi, yule mmoja ana sufuria."

"Wambea wa siku hizi wanajiandaa," akasema. "Kaza, Mwanasha!"

Na yeye akakaza kweli. Mwanamke ambaye kupanda ngazi tatu za duka hushika magoti, siku hiyo aliupita mkokoteni, akampita mzee wa baiskeli aliyebeba magunia ya makaa, buibui linapepea nyuma, raba za machungwa zinawaka, na lau yule daktari angekuwepo angelia kwa furaha. Mpango wetu ulikuwa tugeuze nusu ya njia turudi nyumbani. Lakini kugeuza kulimaanisha kukutana nao uso kwa uso, kwa hivyo hatukuwa na budi ila kwenda mbele, na mbele kulikuwa na nyumba moja tu tunayoweza kuingia bila kualikwa.

"Tuingie kwa Mzee Kombo," Shangazi akasema, "tumwamkie, hao wapite."

Mzee Kombo alikuwa amekaa kibarazani, chai ya tangawizi mkononi, sahani ya mihogo ya kuchemsha mbele yake, redio inasoma habari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Mbona mwahema kama mumeibiwa?"

Hatukuwahi kujibu. Wanawake waliingia uani kama wanavyoingia kwenye kilio, leso zimefunika nyuso, na Bi Riziki mbele akaifungulia ile sauti yake: "Mzee wetu katuacha! Mzee wetu hakuwa na neno na mtu!"

Mzee Kombo akakiweka kikombe chini. Macho yake hayaoni vizuri, lakini kilio alikisikia, na ni mtu wa huruma. "Nani?" akauliza. "Nani katuacha?" Na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, naye akaanza kulia. Mama mmoja akamkalia pembeni, uso bado umo ndani ya leso, akampigapiga mgongoni, "Pole, baba, pole, jikaze." Wakalia hivyo wote pamoja, marehemu na wafiwa, mpaka Bi Riziki alipofunua uso atafute mahali pa kukaa, akamwona.

Kilio akakikata. Halafu akasema, "Wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyekufa."

Mzee Kombo akafuta machozi. "Lini?"

"Alfajiri hii."

Akafikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kusaidia. "Alfajiri nilikuwa naswali," akasema.

Nilidhani hapo ndipo kwenye kilele cha aibu. Sikujua kwamba Bi Riziki ana simu, na kwamba simu yake ilikuwa imeshafika Galu kabla ya miguu yake, kwa hivyo kabla watu hawajapata la kusema, akaingia Maalim wa msikiti na wanaume sita, wanne wamebeba jeneza, mmoja sepetu, mmoja ana ubani. Wakaliweka jeneza chini ya kibaraza, taratibu, kwa adabu, ndipo wakainua macho.

Mzee Kombo akalitazama jeneza, akakitazama kikombe chake. "Hata chai hamkuningoja nimalize," akasema.

Maalim akauliza aliyeleta habari ni nani. Bi Riziki akaninyooshea kidole, na Shangazi akanigeukia pole pole, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mwanasha, ulimwambia nini Bi Riziki?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Sikumwambia kwamba hajafa."

Kuna aliyecheka nyuma. Maalim akamnyamazisha kwa mkono, akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza, "Basi, mwanangu, kama si msibani, mlikuwa mwaenda wapi?"

Lile swali lenyewe. Nikavitazama vidole vyangu, havikunisaidia. Nikafungua mdomo nijibu kidogo tu, na ile sauti niliyoiweka akiba miaka kumi na sita ikatoka yote kwa pamoja, kubwa, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka kwamba ninayo: "Tulikuwa twatembea tu, Maalim, hatuendi popote, daktari kasema Shangazi atembee nusu saa kila siku kwa sababu anakaa sana na cherehani yake ina mota, na Ami Bakari alikaa akafa na utumbo mpana, na Shangazi walimkuta na kinyama, wakakitoa, si saratani, lakini ni lazima atembee, na hakutaka watu wajue kwa sababu ile kamera…"

"Mwanasha," Shangazi akasema.

"…ile kamera ilipitia nyuma!"

Redio ilikuwa imefika kwenye bei za mahindi. Maalim akatazama mawinguni. Wale wanaume wakaanza kulichunguza jeneza, mmoja akaligonga gonga ubao kana kwamba analinunua. Shangazi akashusha mtandio, akachukua kikapu chake, akatoka uani, akaenda zake kwa mwendo ambao hata daktari angemwomba apunguze.

Nilitaka kumfuata lakini nilishikwa na akina mama, kwa sababu unga ulishaletwa na nazi zilishaletwa, na chakula kilichopelekwa kwenye msiba hakirudishwi nyumbani, hilo kwetu halina mjadala, na hakuna aliyejua sheria inasemaje ikiwa maiti yuko hai na ana njaa. Kwa hivyo kikapikwa. Mimi nilipewa mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna, nimeinamisha kichwa, na kila aliyenipita alinipa pole yake: "Mkunaji, ya leo hitima ya nani?" Maalim akamwombea Mzee Kombo umri mrefu, Mzee Kombo akaitika amina kwa sauti kuliko wote, akala wali sahani mbili, akasema kama mazishi yenyewe ni haya wamzike kila Ijumaa.

Ila kitu kimoja nilikiona na nitakiandika ingawa hakinitoi aibu. Ulipofika wakati wa kurudi, wale wanawake waliotoka Mwabungo mpaka Galu mbio, na sufuria kichwani, bila ya mmoja wao kulalamika, wakasema jua kali, magoti yanauma, njia ni ndefu. Wakaita bodaboda, watatu watatu. Kumwendea maiti tuna miguu. Kujiendea wenyewe hatuna.

Mimi nilirudi kwa miguu, sikuwa na mtu wa kukaa naye kwenye bodaboda.

Shangazi hakunisemesha siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu alisema sentensi moja, tena akiiambia cherehani: "Nilitoka siku moja tu, nikavuliwa nguo mbele ya imamu. Sitoki tena." Na kweli hakutoka. Raba alizifunga kwenye mfuko wa plastiki akazitupa juu ya kabati. Akawa anaamka, anakaa, anashona, anakula palepale, mota inanguruma mpaka magharibi, na watu walioleta nguo walikuwa wakiingia na vicheko wamevificha mashavuni. Mimi ningeweza kuomba radhi nikanyamaza. Radhi niliiomba, ilikubaliwa kwa kichwa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na kila nikiisikia mota ile nilikuwa nalisikia.

Siku ya tano nikaenda nikasimama kando ya cherehani.

"Shangazi."

Mota ikaendelea.

"Shangazi, Ami Bakari aliona damu muda mrefu kabla hajawaambia."

Mota ikanyamaza. "Nani kakwambia hivyo?"

"Yeye. Nilikuwa nampelekea chakula dukani. Siku moja nilimkuta ameegemea meza, hawezi hata kuinua kichwa, akaniambia anaona damu chooni, nisimwambie mtu. Aliniambia mimi kwa sababu alijua mimi sisemi." Nikashika ukingo wa cherehani. "Na sikusema. Mulikuwa mukinisifu mbele yake, mtoto hana maneno, na yeye ananitazama."

Shangazi alikuwa ameshika pindo la gauni la mtu, ameliminya mpaka limekunjana.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Nilikuwa na mdomo."

Akaniangalia, na lilikuwa jicho jengine kabisa, si lile la kupindia suruali. Halafu akalinyoosha lile pindo kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. "Panda juu ya kiti," akasema, "unishushie raba zangu."

Kesho yake tukatoka. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi, vibaraza vyote vilikuwa vinatungoja. "Poleni na msiba!" akasema mmoja. "Leo mwaenda kumzika nani?" akauliza wa pili, na vicheko juu. Shangazi hakupunguza mwendo. "Twaenda kuwachimbia nyinyi mliokaa!" akawarudishia, pumzi ikiwa bado inatosha, na wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanacheka pamoja naye. Wiki hiyo hiyo nilijiwekea nadhiri, na ndiyo sababu nimewaandikia haya yote badala ya kuyaficha: nikijua jambo la kumponya mtu, sitalinyamazia tena hata kama nitaaibika mimi, hata kama ataaibika yeye.

Haikupita muda nadhiri ikanijaribu. Asubuhi moja Bi Riziki, ambaye tangu siku ya Galu alikuwa hatutanii kama wenzake, alimwachia binti yake mwiko akatoka kutusindikiza. Alitembea nasi kimya mpaka ua wa mwisho, Shangazi akiwa hatua kumi mbele, ndipo akanishika mkono. Sauti yake ile kubwa sikujua kwamba inaweza kuwa ndogo hivyo.

"Mwanasha. Hiyo kamera, yauma?"

"Shangazi alisema haiumi sana, ni haya tu. Daktari ni mwanamume, lakini kuna nesi mwanamke na kuna pazia."

Akatazama nyuma, akatazama mbele. "Mwezi wa tatu huu naona damu. Nakwambia wewe kwa sababu najua wewe husemi."

Nikainua kichwa, nikamtazama machoni, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu mzima.

"Nitasema, Bi Riziki. Ikifika Alhamisi hujaenda, nitasema."

"Kwa nani?"

"Kwa mumeo. Kwa Maalim. Kwa wote."

Alinitazama kama amekutana na mtu asiyemjua. "Kwa sauti ile ya Galu?"

"Kwa ile ile."

Jumatano akavuka feri, Shangazi kamshika mkono.